Amana ya Mwili: Uhalali wa Hospitali Inayotibu Saratani na Kuitafiti

Katika taasisi za saratani zinazounganisha hospitali ya kibingwa na kituo cha utafiti, mgonjwa mmoja hubeba hadhi mbili kwa wakati mmoja: ni mtu aliyekuja kutafuta nafuu, na papo hapo ni chanzo cha elimu ambayo huenda ikawafaa watu asiowajua na ambao hatapata kuwaona. Muuguzi anapomtoa damu asubuhi ili ipimwe kama dawa inaathiri figo zake, kichupa cha pili kinachojazwa kwa sindano ileile chaweza kupelekwa maabara kujibu swali ambalo jibu lake halitabadilisha chochote katika matibabu yake. Daktari anayepita wodini na kumuuliza ameamkaje ndiye huyohuyo atakayeiandika hali yake katika jedwali la matokeo, na kutokana na jedwali hilo zitapatikana makala za kisayansi, vyeo vya kitaaluma na fedha za ufadhili. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo ni la falsafa na la dini kwa pamoja: ni kwa haki gani mwili wa mtu anayeumwa hufanywa njia ya kupatia elimu, na je, kuweka tiba na utafiti chini ya paa moja kunamlinda mtu huyo au kunamwacha wazi kutumiwa?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza hutegemea hesabu ya manufaa, likisema kwamba usumbufu wa wachache wa leo ni mdogo ukilinganishwa na uhai wa wengi wa kesho. La pili hutegemea ridhaa, yaani kukubali kwa hiari kwa mtu mwenye akili timamu baada ya kuelezwa kitakachofanyika na hatari zake. Makala haya yanashikilia kwamba majibu yote mawili yana ukweli ndani yake lakini hayatoshi, na kwamba msingi ulio imara zaidi umo katika dhana mbili ambazo jamii za Waswahili na jirani zao wamezitumia kwa karne nyingi katika mambo mengine ya maisha, nazo ni fardhi kifaya na amana. Kwa msingi huo itaonekana kwamba utafiti wa saratani uliotengwa na hospitali ndio wenye walakini mkubwa zaidi, kwa kuwa humwondolea mtafiti mahali pa kulipia deni lake. Mfano utakaochunguzwa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko katika kilima cha Mulago jijini Kampala, ambayo historia yake inaonyesha pande zote mbili za swali hili kwa uwazi usio wa kawaida.

Mulago na chimbuko la swali

Saratani ni jina la jumla la maradhi ambayo ndani yake seli za mwili huacha kutii mipaka ya kukua na kugawanyika, zikavamia viungo vya jirani au kusafiri hadi viungo vya mbali. Limfoma ni aina ya saratani inayoanzia katika limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ya kawaida ni kuulinda mwili dhidi ya vimelea. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia, meno yake yakiwa yamelegea na uso wake umepoteza umbo. Alipomkuta mtoto wa pili wa hali hiyohiyo huko Jinja alianza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ambao baadaye uliitwa limfoma ya Burkitt. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote kwa binadamu, kwani seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyohiyo huyeyuka upesi inapokutana na dawa zinazoua seli zinazogawanyika.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, mwendo wa maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama watoto wa aina hiyo walionekana huko. Ramani waliyoipata ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata nchi za joto na mvua, ambazo ndizo nchi za malaria kali. Mwaka huohuo mhadhara wa Burkitt jijini London ulisikilizwa na mtafiti Anthony Epstein, na tangu hapo vipande vya uvimbe vilivyokatwa kwa watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Uingereza. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kwa hadubini ya elektroni kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi ambacho leo huitwa Epstein-Barr na ambacho ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mambo hayo ndiyo yaliyotangulia kuanzishwa kwa taasisi yenyewe mwaka 1967, ilipofunguliwa kama kituo cha kutibu limfoma kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya uongozi wa daktari Mmarekani, John Ziegler. Mwaka 1969 kikaongezwa kituo cha pili cha saratani za viungo vingine. Tangu mwanzo wodi na utafiti vilikuwa kitu kimoja. Watoto waliolazwa walipewa dawa kama saiklofosfamidi, methotreksati na vinkristini, ambayo hutokana na mmea wa Madagaska, na wengi wao waligawanywa katika makundi kwa njia ya jaribio nasibu, yaani mpango ambao ndani yake bahati, na wala si daktari, ndiyo inayoamua nani apate tiba ipi, ili tofauti ya matokeo isije ikatokana na upendeleo wa anayetibu. Watoto waliporuhusiwa kurudi kwao, wafanyakazi wa taasisi waliwafuata kwa magari hadi vijijini ili kujua kama bado wazima, na kama uvimbe ulirudi waliwarudisha Mulago. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa madaktari waliotunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa mchango wao katika tiba ya saratani kwa dawa.

Ziara ya kijijini inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake hadhi mbili za mgonjwa zinakutana bila kutenganika. Gari linapofika uani kwa mtoto, safari hiyo ni ya utafiti, kwani bila kujua mtoto yu hai au amekufa jedwali la matokeo halina maana. Nayo ni ya tiba pia, kwani mama aliyedhani kwamba kupungua kwa uvimbe ni kupona hupata kujua kwamba bado kuna hatari. Atakayeuliza ni dakika ipi ya ziara hiyo iliyokuwa ya sayansi na ipi iliyokuwa ya huruma hatapata jibu, na ugumu huo wa kutenganisha ndio unaowafanya watu wengine wauone mpango wenyewe kuwa wa hatari.

Mtu kama lengo, mtu kama njia

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alifundisha kwamba utu haupaswi kutendewa kama njia tu bali siku zote kama lengo pia. Wengi huikumbuka kanuni hii kana kwamba inakataza kabisa mtu kuwa njia, ilhali maisha ya kila siku yasingewezekana kwa katazo la namna hiyo, kwani abiria humtumia dereva na mwanafunzi humtumia mwalimu. Kinachokatazwa ni kumtendea mtu kana kwamba hana zaidi ya matumizi yake. Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1865 kwamba msingi wa maadili ya udaktari ni kutomfanyia mtu jaribio linaloweza kumdhuru, hata kama matokeo yake yangeifaa sana sayansi na afya ya wengine. Hans Jonas, aliyeandika mwaka 1969, alikwenda mbali zaidi: alisema maendeleo ya tiba ni jambo jema la hiari na wala si deni ambalo kizazi cha sasa kinadaiwa na kizazi kijacho, kwa hiyo wanaopaswa kujitolea kwanza ni watafiti wenyewe na watu wenye uwezo wa kuelewa, na wagonjwa wawe wa mwisho kuombwa, tena kwa utafiti unaohusu ugonjwa wao wenyewe.

Eneo la Ziwa Victoria lina kumbukumbu inayoonyesha kwa nini tahadhari hizo zilihitajika. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikaa katika visiwa vya Sese akiwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Dawa iliwapunguzia wagonjwa vimelea kwa muda tu, hivyo kipimo kikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Haki inadai isemwe kwamba malale isiyotibiwa ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo, na kwamba kujaribu dawa katika hali hiyo si kosa kwa yenyewe. Kasoro ilikuwa katika uhusiano: aliyejaribu hakuwajibika kwa aliyejaribiwa, kwani mamlaka aliyokuwa nayo yalitokana na serikali za kikoloni, maswali yake yalitoka Berlin, na alipoondoka mwaka 1907 hakuacha nyuma yake nyumba yoyote ambayo kipofu angeweza kuirudia na kudai.

Kwa hesabu ya manufaa peke yake, Sese na Mulago zingeweza kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, yaani idadi ya waliopona baadaye kutokana na yaliyojifunzwa, na kama atoksili ingefanikiwa kisiwani basi kupofuka kwa wachache kungefutwa na hesabu. Dhamiri inakataa hukumu hiyo, kwa sababu hesabu huunganisha watu ambao hawakuungana: aliyepoteza macho na atakayenufaika si mtu mmoja, na hakuna benki ya maumivu ambamo hasara ya mmoja huwekwa ikawa akiba ya mwingine.

Ridhaa na mipaka yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi huko Nuremberg ilitoa mwaka 1947 kanuni kumi za majaribio kwa binadamu, ya kwanza ikiwa ni ulazima wa ridhaa ya hiari, na mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikapitisha Azimio la Helsinki lililofafanua wajibu wa daktari anayetafiti. Ridhaa ni kinga kubwa, na hakuna hoja yoyote katika makala haya inayokusudia kuilegeza. Hata hivyo katika hospitali ya saratani ridhaa hukutana na vizuizi vitatu ambavyo saini peke yake haiviondoi.

Kizuizi cha kwanza ni matumaini. Mwaka 1982 daktari wa akili Paul Appelbaum na wenzake walieleza kosa la kifikra ambalo wagonjwa wengi hulifanya hata baada ya kusomewa fomu nzima: huamini kwamba kila kinachofanyika ndani ya utafiti kimechaguliwa kwa ajili yao binafsi, kwa kuwa anayekifanya ni daktari na mahali kinapofanyika ni hospitali. Muungano wa taasisi na hospitali hulikuza kosa hilo, maana mgonjwa hana alama ya kumwonyesha ni wapi tiba inaishia na utafiti unaanzia. Kizuizi cha pili ni uhitaji. Pale ambapo anayeingia katika utafiti hupata dawa, vipimo na nauli, na asiyeingia hungoja foleni bila uhakika, kukubali kwake kunafanana na kukubali kwa mwenye njaa anayeambiwa achague kati ya sahani moja na hakuna. Kizuizi cha tatu ni umri, na kwa Mulago ndicho kizito kuliko vyote, kwani limfoma ya Burkitt ni ugonjwa wa watoto.

Kuhusu watoto, mabishano makali yalitokea katika miaka ya 1970 kati ya wanatheolojia wawili wa Marekani. Paul Ramsey, Mprotestanti, alishikilia kwamba mzazi anaweza kukubali kwa niaba ya mtoto jambo linalomfaa mtoto huyo tu, na kwamba kumtoa mtoto kwa utafiti usiomhusu ni kumtendea kama mtu mzima aliyejitolea ilhali hakujitolea. Richard McCormick, padri Mjesuiti, alijibu kwamba mtoto naye ni mwanajamii, na kwamba inaruhusiwa kudhani angekubali mambo madogo yasiyo na hatari ambayo kila mwanadamu anawiwa kuyafanya kwa ajili ya wenzake. Uganda ilikuwa na mfano halisi wa mabishano hayo wakati yakiandikwa. Kati ya mwaka 1972 na 1974 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile kwa uongozi wa Guy de-Thé. Damu hiyo ilihifadhiwa, kisha watafiti wakasubiri waone ni watoto gani watapata limfoma, ili warudi kwenye vichupa vilivyotangulia ugonjwa na kupima ndani yake dalili za kirusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba wachache waliougua walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho tangu kabla ya kuugua, jambo lililoimarisha sana hoja kwamba kirusi ni miongoni mwa visababishi.

Kwa watoto hao karibu wote, tundu la sindano halikuleta faida yoyote. Ramsey angesema hawakupaswa kuchomwa. McCormick angesema uchungu wa sindano moja ni mdogo kiasi cha kudhaniwa kwamba umekubaliwa. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa wakizungumzia dakika ya kuchomwa tu, kana kwamba maadili ya jambo zima yanakamilika pale mkono unapofungwa pamba. Swali la nini kinadaiwa baada ya hapo, na nani anayedai, halina nafasi katika mjadala wa ridhaa, kwa sababu ridhaa kwa asili yake hutazama mlango wa kuingilia.

Fardhi kifaya: wajibu wa jamii usiomwangukia mmoja

Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wajibu hugawanywa katika aina mbili. Fardhi ain humpasa kila mtu binafsi, kama sala tano, na hakuna awezaye kumtekelezea mwenzake. Fardhi kifaya huupasa umma kwa ujumla, kama kumwosha, kumsalia na kumzika maiti: wakitokea wa kutosha kuitekeleza, wengine huondokewa na dhima, na asipotokea yeyote, wote hupata dhambi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya, na katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini aliwalaumu wasomi wa zama zake waliojazana katika fani za kuhukumu na kubishana, zilizokuwa njia ya vyeo, huku miji ikikosa tabibu wa Kiislamu.

Dhana hii inatatua jambo ambalo Kant, Jonas na wahesabu manufaa wameliacha likining'inia. Ikiwa kutafuta elimu ya saratani ni fardhi kifaya, basi Jonas alikosea kusema kwamba ni jambo la hiari tu, kwani jamii ambayo watoto wake wanavimba taya na kufa, na isitokee ndani yake hata mmoja wa kuuliza sababu, ina dhima mbele ya Mungu. Hata hivyo wajibu huo umo juu ya umma, na haumwangukii mgonjwa fulani kwa kuwa tu ndiye aliyeugua; hakuna awezaye kumwambia kwamba ugonjwa wake umemfanya mdeni wa sayansi, kama vile hakuna awezaye kumlazimisha jirani mmoja aliye taabani kuchimba kaburi wakati kijiji kizima kimekaa. Akikubali kushiriki, amebeba sehemu ya mzigo wa wote, na kwa sababu hiyo wote wana deni kwake. Hesabu ya manufaa humfanya mgonjwa mdeni na jamii mdai. Fardhi kifaya hugeuza uhusiano huo.

Fikra za Kikristo na za Kiafrika zinafika karibu na hapo kwa njia zake. Katika mfano wa Msamaria mwema ulio katika Injili ya Luka, jambo ambalo wahubiri hulipita haraka ni mwisho wake: Msamaria hakuishia kufunga majeraha, alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi na kulipa chochote kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na tarehe ya marejeo. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa mzaliwa wa Kenya, aliyefundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, yaani miaka ileile ambayo taasisi ya saratani ilikuwa ikianza katika kilima cha jirani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hupata kuwa mtu kwa kuwamo ndani ya jamaa yake, walio hai, waliotangulia na watakaozaliwa. Fundisho hilo laweza kupotoshwa likawa kisingizio cha wazee kumtoa mtoto kwa faida ya ukoo. Lakini likisomwa kikamilifu linadai kwamba jamaa inayopokea kwa mmoja wake inabaki imefungamana naye, hata baada ya kufa kwake.

Amana na masharti yake

Kama ndivyo, kile ambacho mgonjwa huipa taasisi si zawadi inayosahaulika baada ya kupokelewa, wala si bidhaa iliyouzwa. Dini za Ibrahimu hufundisha kwamba mwili wenyewe ni amana ya Mungu kwa mwanadamu, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba miili yao si mali yao. Kwa hiyo mgonjwa hawezi kuuza asichokimiliki kikamilifu, ila anaweza kukiamini mikononi mwa mwingine. Sheria ya Kiislamu imeipangia amana masharti ambayo yanalingana na hospitali inayotafiti kwa usahihi wa kushangaza.

Sharti la kwanza ni kwamba mtunza amana hawajibiki kulipa kilichoharibika bila uzembe wala uvukaji mipaka wake. Jaribio lililoandaliwa kwa uaminifu, katika hali ambapo madaktari kwa kweli hawajui tiba ipi ni bora, halimtii mtafiti hatiani likishindwa. Mwanafalsafa Benjamin Freedman alitetea mwaka 1987 kwamba kutojua huko kwa jumuiya ya wataalamu ndiko kunakolihalalisha jaribio nasibu. Pale ambapo jibu linajulikana, kumpa mgonjwa kilicho duni ili jedwali likamilike ni uvukaji mipaka.

Sharti la pili ni kwamba mtunzaji akiitumia amana kwa jambo ambalo hakuruhusiwa, dhamana humwangukia. Mwaka 1951 seli za uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyetibiwa katika Hospitali ya Johns Hopkins, zilichukuliwa bila yeye kuulizwa na zikawa chanzo cha seli zinazooteshwa katika maabara duniani kote. Jamaa yake walikuja kujua katika miaka ya 1970, na mwaka 2023 ndipo walipofikia mapatano na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza. Limfoma ya Burkitt ina seli zake za namna hiyo, na mojawapo ya koo zake, iliyopatikana mwaka 1967 kwa kijana wa Kiafrika wa miaka 16, hujulikana katika maabara za mataifa mengi kwa jina la Daudi. Kila bomba la seli hizo linapofunguliwa, amana inatumika, na anayeitumia ana wajibu wa kuuliza imeruhusiwa kwa kazi gani.

Sharti la tatu ni kurejesha. Elimu iliyotokana na watoto wa Mulago na West Nile imewafaidi wagonjwa wa limfoma katika nchi ambazo malaria haijulikani, na hilo ni jema. Ila amana haijarejeshwa mpaka iwafikie warithi wa walioiweka. Zaidi ya miaka 60 baada ya kirusi cha Epstein-Barr kutangazwa, hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake, na katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki mtoto mwenye uvimbe wa taya bado hufika hospitali akiwa amechelewa.

Sharti la nne, ambalo mengine yote hulitegemea, ni kwamba mtunzaji apatikane pale anapotafutwa. Hapa ndipo hospitali inapokuwa sehemu ya maadili ya utafiti yenyewe, na kuiona kama jengo lililopachikwa kando ni kutoielewa kazi yake. Mwaka 1972, baada ya Idi Amin kushika madaraka na hali ya nchi kuharibika, Ziegler aliondoka na uongozi ukachukuliwa na daktari Mganda, Charles Olweny. Mwaka 1973 ubalozi wa Marekani ulifungwa, na ufadhili wa nje ukanywea. Kwa kanuni ya sayansi tupu, utafiti ulikuwa umekatika na taasisi haikuwa na sababu ya kuendelea. Iliendelea, kwa sababu wodi zilikuwa na watoto na wauguzi walikuwa wenyeji. Tangu mwaka 2004 utafiti mkubwa ulianza kurudi kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, na mwaka 2015 likafunguliwa jengo ambalo ndani yake kliniki na maabara vimekaa pamoja. Haukurudi mahali patupu, kwani ulipokelewa na nyumba iliyokuwa imekaa na amana yake katika miaka ya dhiki.

Pingamizi mbili na hitimisho

Pingamizi la kwanza lasema kwamba hospitali ya namna hii, hasa katika nchi isiyo na fedha, itamfanya mgonjwa akubali utafiti ili apate tiba. Pingamizi hilo ni la kweli, na dawa yake haipatikani kwa kuutenga utafiti na tiba, kwani kufanya hivyo kungemwacha mgonjwa na foleni ileile bila hata nafasi ya utafiti. Dawa yake ni kuitenga haki ya tiba na uamuzi wa kushiriki, yaani anayekataa apate kila kilicho cha kawaida kwa ubora uleule. Mashine pekee ya tibamionzi nchini Uganda, tiba inayotumia mionzi kuua seli za saratani, ilipoharibika mwaka 2016, ilidhihirika kwamba taasisi yaweza kuwa na jengo zuri la utafiti huku wagonjwa wakikosa tiba ya msingi. Mashine mpya ilipoanza kutumika mwaka 2018, kilichorejeshwa kilikuwa pia uhalali wa kimaadili wa maabara ya jirani.

Pingamizi la pili lasema kwamba ikiwa kila kichupa cha damu kitakuwa amana yenye masharti, utafiti utakuwa ghali na polepole hata ushindwe, na watakaoumia ni wagonjwa wa kesho. Ni kweli kwamba gharama itaongezeka. Lakini gharama hiyo haikubuniwa na maadili. Ilikuwepo tangu awali, ila ikibebwa na watu ambao hawakuwa na sauti ya kuikataa, kama wagonjwa wa Sese walioibeba kwa macho yao. Utafiti unaowezekana tu pale ambapo deni halilipwi haujathibitika kuwa nafuu. Umehamisha tu mahali pa kulipia.

Inafuata kwamba hospitali ya kibingwa inayoungana na taasisi ya utafiti ina uhalali pale tu muungano huo unapomfanya mtafiti aweze kudaiwa. Kiongozi wa taasisi ya namna hiyo anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne ya wazi: kama aliyekataa utafiti anatibiwa sawa na aliyekubali, kama kila sampuli iliyohifadhiwa ina ruhusa inayojulikana, kama matokeo yamewarudia wagonjwa na jamii walikotoka kwa lugha wanayoielewa na kwa tiba wanayoimudu, na kama, fedha za mfadhili zikikoma leo, wodi itaendelea kuwa wazi. Taasisi inayoweza kujibu ndiyo kwa yote manne inatekeleza fardhi kifaya kwa niaba ya umma, na wagonjwa wanaweza kuikabidhi miili yao kama watu wanavyokabidhi amana kwa mwaminifu. Isiyoweza, hata ikichapisha makala bora kuliko zote duniani, inatumia mali ya watu bila idhini yao.